Dirisha la Makomeo Mawili

Jumamosi, 1 Machi

Nimepata chumba. Ni cha uani, kina mlango wake, kitanda cha chuma, meza, na msumari mmoja ukutani ambao mwenye nyumba amesema nisiung'oe kwa sababu ukuta umeshauzoea. Mwenye nyumba ni mjane wa miaka sabini na kitu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza maswali matatu tu: kama ninaogopa paka, kama ninaimba nikifua nguo, na kama ninakumbuka kufunga madirisha mvua ikianza. Nilijibu kidogo, hapana, ndiyo.

"Niite Bibi," alisema. "Wote wananiita hivyo, hata wazee wenzangu, na wengine wamenizidi umri, hawaoni haya."

Jumatatu ninaanza kazi. Miezi mitatu ya majaribio, kisha ama nithibitishwe ama nirudi kwa mama na vyeti vyangu.

Jumatatu, 3 Machi

Masijala ni chumba kirefu chenye majalada zaidi ya elfu kumi, na mimi ni karani wa mwisho kabisa ndani yake. Mkuu wa Masijala ana sauti ya chini, na hiyo ndiyo inayotisha. Alinionyesha rafu, rejesta, mahali pa kusaini. "Karani anayelowesha karatasi," alisema, "ni kama mpishi anayeunguza maji. Sijui hata nimwite nani." Mwenzangu wa meza ya pili, mwanamke ambaye amegonga mihuri tangu sijazaliwa na wote wanamwita Mama Mihuri, alinikonyeza. Sikuthubutu kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nilichelewa dakika nne. Hakuna aliyesema kitu. Sikuinua macho kwenye rejesta mpaka chai ya saa nne.

Jumapili, 9 Machi

Bibi alinikuta nimekaa kitandani, viatu nimevaa, sijui niende kusali wapi.

"Njoo na sisi," alisema. "Kwetu hulazimishwi kitu, hata kusimama."

Nilimwambia mimi nimekulia kwenye ngoma, vinanda vya umeme na kwaya ya mama.

"Basi utapumzisha masikio."

Wanaita mahali pao Nyumba ya Kukutania. Ni chumba kimoja, kuta nyeupe, bila madhabahu, bila kipaza sauti, ila meza moja dirishani. Mabenchi yamepangwa pande nne, kwa hiyo watu wanatazamana. Hakuna mchungaji. Wazee wanapokezana zamu msimu kwa msimu, na msimu huu ni zamu ya Fundi Saa, ambaye kweli anatengeneza saa, na ambaye, kwa mujibu wa Bibi, hajawahi kufika mahali kwa wakati.

Walikaa kimya. Nilidhani wanamsubiri mtu. Nilihesabu vioo vya madirisha, nikapata thelathini na sita. Ndipo mwanamke mmoja akaanzisha wimbo bila kusimama, wengine wakaupokea kwa sauti nne, ukaisha, kimya kikarudi. Mtu akasoma Zaburi. Kimya. Mzee mmoja akasema, "Nimesamehewa wiki hii, nashukuru," akakaa. Kimya tena. Kanisani kwetu mtu akinyamaza hivyo anaombewa.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Lakini nilipotoka niligundua kwamba sijawahi kukaa na watu arobaini saa nzima bila kuogopa kuulizwa kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama kwenye simu: "Hata kinanda hamna? Sasa huyo Mungu wenu mnamnong'oneza?" Nikasema labda. "Na makofi?" Hakuna makofi. Akabadilisha mazungumzo. "Mwanangu, unakula lakini?"

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Bibi ndiye mtunza funguo wa Nyumba ya Kukutania, mwaka wa thelathini na moja sasa. Ufunguo unakaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Alhamisi asubuhi huenda kufungua dirisha kubwa la upande wa meza ili nyumba ipumue, hulifunga kabla ya adhuhuri, na Jumamosi huenda kufagia. Dirisha hilo lina makomeo mawili, la juu na la chini. Ukifunga la chini peke yake, upepo unalisukuma.

Leo baada ya ibada alifungua kabati la ukutani akanionyesha Kitabu cha Majina. Kila aliyepokewa kwenye ushirika wao ameandika jina lake humo kwa mkono wake mwenyewe, tangu mwanzo. Wasiojua kuandika waliweka alama ya dole gumba. Bibi alifunua mpaka mahali anapopajua bila kutazama.

"Huyu ndiye mzee wangu."

Mumewe alikuwa mwashi, hajasoma. Walipomwambia aweke dole gumba alikataa. Aliomba apewe siku arobaini. Kila jioni Bibi alimfundisha herufi kwa kijiti kwenye mchanga wa ujenzi. Jina limeandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama kama matofali, isipokuwa ya mwisho, ambayo imeporomoka chini ya mstari.

"Hapo alichoka," alisema Bibi, akaigusa. "Au alifurahi mapema. Picha hakupenda kupigwa, kwa hiyo kilichobaki kwake ni mwandiko huu tu."

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilinusa. Kitabu kilikuwa na ukungu. Kurasa za nyuma zilikuwa zimeanza kushikana.

Jumapili, 23 Machi

Bibi amenieleza kuhusu Jumapili ya Miguu. Mvua zikiisha, kabla ya kushiriki mkate, wanaoshana miguu wawili wawili, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Anayeosha anauliza: "Una neno nami?" Anayeoshwa akiwa hana anasema sina. Akiwa nalo analisema hapo hapo.

"Na akikasirika?"

"Akasirike aende wapi? Mtu hawezi kukimbia miguu ikiwa ndani ya beseni." Alicheka mpaka akashika goti. "Mimi niliwahi kumwambia mke wa Fundi Saa kwamba sauti yake inanitoa ibadani. Tulilia, tukacheka. Tangu siku hiyo anaimba chini kidogo."

Siku hiyo hiyo wanapokea wapya. Fundi Saa amesema nikitaka, nami nitaandika jina langu kitabuni. Nataka. Sijawaambia nyumbani.

Jumatano, 26 Machi

Rafu ya mashariki imepata unyevu. Mkuu alitufundisha namna ya kuanika majalada: unalisimamisha jalada wazi karibu na dirisha, unatawanya kurasa, unaweka rula chini ya jalada la nyuma lisijifunge. "Karatasi inataka pumzi," alisema. Alinisifu kwa vidole vyepesi. Nimeandika hapa ili nisisahau kwamba alinisifu.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimefanya jambo jema, kwa siri.

Asubuhi palikuwa na jua la ajabu, la kwanza kwa siku nyingi. Saa ya chakula nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa amelala, amesharudi kutoka kupitisha hewa. Nilichukua ufunguo msumarini, nikaenda Nyumba ya Kukutania, nikatoa Kitabu cha Majina kabatini, nikafungua dirisha, nikakianika mezani kama tulivyofundishwa, rula yangu ya kazini chini ya jalada. Nilitaka kikauke, kisha nimwonyeshe Bibi kurasa zimeachana. Nilijiona nikimwonyesha.

Nilipotazama saa nilikuwa nimebakiwa na dakika sita. Nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo, nikakimbia. Nilikusudia kupita nikitoka kazini.

Saa tisa mvua ilishuka kama imekatwa kamba. Rafu zilivuja, Mkuu akatubakiza wote tuhamishe majalada. Nilifika nyumbani giza limeingia, Bibi yuko jikoni, ufunguo nyuma ya mlango wake.

Nadhani nilirudishia dirisha. Nakumbuka mkono wangu ukilishika. Sikumbuki komeo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua kutwa. Hatukutoka kula. Jioni nilikwenda jikoni mara tatu, na mara zote Bibi alikuwa amekaa karibu na mlango akichambua mchele. Ningesema tu, "Bibi, naomba ufunguo." Niliona haya kueleza kwa nini niliuchukua jana bila ruhusa. Nikaomba chumvi. Mara ya pili nikaomba chumvi tena.

"Unaoga chumvi siku hizi?" aliuliza.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, kama taarifa, maana nisipofanya hivyo sitaandika.

Asubuhi Bibi aliniomba nimbebee ndoo kwenda kufagia. Njia nzima nilipanga namna ya kutangulia ndani. Lakini mwenye ufunguo ni yeye, na ndiye aliyetangulia.

Dirisha lilikuwa wazi, mabawa yote mawili yamegeukia ukutani. Maji yalikuwa mezani, chini ya meza, chini ya mabenchi ya mbele. Kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate uliodondokea kwenye ndoo. Wino wa zamani ulikuwa umeyeyuka na kushuka, ukachora michirizi ya buluu kwenye mguu wa meza mpaka sakafuni.

Bibi hakupiga kelele. Aliweka ufagio chini polepole, akafuta mikono kwenye kanga, akafunua mpaka mahali anapopajua bila kutazama. Ukurasa ulimwachia wino vidoleni. Palikuwa na doa la buluu, na pembeni yake alama za madole gumba ya watu wengine. Wale walioweka dole gumba walipona, kwa sababu wino wao ulikuwa mzito. Mwashi aliyejifunza kuandika hakuwapo tena.

"Dirisha," alisema. "Nililifunga." Akageuka kunitazama. "Alhamisi nililifunga, sivyo?"

Nikamjibu: "Mimi nilikuwa kazini, Bibi."

Ni kweli. Asubuhi ile nilikuwa kazini. Kila neno la jibu hilo ni kweli.

Alitoka kumwita Fundi Saa. Nikabaki peke yangu, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo siwezi kuliita usahaulifu. Nilitoa rula chini ya jalada nikaificha ndani ya mkono wa sweta.

Fundi Saa alikuja na shati la kazini, miwani ya kukuzia bado iko kwenye paji la uso. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomaliza kila kitu.

"Bibi, ulikitoa kumwangalia mzee wako?"

"Sikukitoa."

"Labda ulikitoa. Si kosa. Sisi sote tunajua unakitoa."

Bibi alitazama kabati, akatazama meza, akatazama dirisha.

"Labda," alisema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiatu changu.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda. Nilisema naumwa kichwa. Bibi aliniletea uji.

Jumatano, 9 Aprili

Kazini karani wa meza ya tatu ameondolewa kwa kupoteza jalada moja. Mkuu alimwambia kwa sauti ile ile ya chini. Mama Mihuri aligonga mihuri yake siku nzima bila mzaha hata mmoja.

Jumapili, 13 Aprili

Leo baada ya ibada kulikuwa na kikao chao. Hawapigi kura. Mzee wa zamu anataja jambo, kisha anauliza, "Kuna mwenye neno?" Wanakaa kimya. Anauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu. Kimya cha tatu kikipita, jambo limekuwa la wote.

Jambo la leo lilikuwa kwamba Bibi apumzishwe funguo. Fundi Saa alizungumza vizuri kupita kiasi: miaka thelathini na moja, asante, umri unatufika sote. Bibi alikuwa ameukunja mkono wake juu ya ufunguo kama mtu aliyeshika ndege.

"Kuna mwenye neno? Hata mgeni."

Hata mgeni. Nilihesabu vioo. Thelathini na sita.

Mara ya pili. Nilijiambia nitasema mara ya tatu.

Mara ya tatu. Kwa wiki tano nilikuwa nimekipenda kimya kile kwa sababu hakikuniuliza kitu. Leo kiliniuliza, kikanisubiri, kikapita.

Bibi alisimama akampa Fundi Saa ufunguo. Tukiwa njiani alisema, "Umeona? Hakuna hata mmoja aliyebisha. Basi ni kweli."

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi Bibi aliamka, akavaa, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akaona msumari mtupu, akarudi kukaa.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Amezima jiko mara tatu. Nilimsikia akirudi kila mara. Mara ya nne aliniita: "Mjukuu wangu, hebu niangalizie wewe mwenye macho."

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwandikia Bibi barua. Niliianza kama tunavyoanza barua zote: Kumb. Na., halafu YAH: KULOWA KWA KITABU CHA MAJINA. Nikasoma nilichoandika, "kitabu kililoweshwa", "dirisha halikufungwa", kana kwamba hapakuwa na mtu. Nikaichana.

Jumapili, 4 Mei

Nimewachunguza leo wote, benchi kwa benchi. Mwanzo niliwaona watu wapole. Mwezi uliopita nikawaona wanafiki, maana nilihitaji wawe wabaya. Leo nimeona ni watu tu, walioamini kwamba mwenye neno atalisema. Utaratibu wao wote umesimama juu ya hilo, na mimi nikaingia humo nikiwa na woga wangu kama mtu aingiaye na matope.

Alhamisi, 8 Mei

Bibi alinisubiri mlangoni, uso unang'aa.

"Nimekumbuka!" alisema. "Nilikitoa mwenyewe. Goti liliniuma, nikakaa pale mezani, nikakifungua kwenye jina lake. Halafu mtu akaniita nje, nikatoka."

"Nani alikuita, Bibi?"

"Simkumbuki. Lakini aliniita." Akapumua. "Afadhali. Lililokuwa linanitesa ni kutokumbuka. Sasa nakumbuka, naweza kuomba msamaha."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilisema, "Bibi, huenda hukukitoa." Akanipiga kofi dogo shavuni, la mapenzi. "Usinitetee, wewe." Akaenda kumtafuta paka.

Ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, ipo rula yenye namba ya masijala, nusu yake ya buluu.

Jumanne, 13 Mei

Binti wa Bibi amekuja. Ni muuguzi, anakaa mji mwingine na mumewe, anatembea haraka kama mwenye wagonjwa wanaomsubiri. Bibi amemwita mwenyewe. Amemwambia hajiamini tena na dawa zake wala na jiko. Imeamuliwa baada ya Jumapili ya Miguu atahamia kwake. Paka atabaki, na mimi pia nitabaki, kwa ajili ya paka.

"Umekaa naye," Muuguzi aliniuliza pembeni. "Anasahau sana?"

Nilisema, "Mimi sijaona." Alingoja niongeze. Sikuongeza.

Alhamisi, 22 Mei

Nimethibitishwa kazini, siku chache kabla ya miezi mitatu kutimia. Barua inasema mimi ni "mwaminifu na mwangalifu katika utunzaji wa kumbukumbu". Mama Mihuri aliigonga mhuri mwenyewe, kwa nguvu, akasema, "Haya, mtakatifu wa kimyakimya, sasa utacheka?" Nilikwenda chooni nikalia. Walidhani ni furaha.

Jumapili, 25 Mei

Leo hapakuwa na mvua. Anga lilikuwa jeupe, limeoshwa.

Mabeseni yalikuwa yamepangwa katikati, taulo juu ya kila moja. Nilitaka kukaa nyuma, lakini Bibi alinishika mkono. "Wewe ni wangu leo." Alipiga goti, lile bovu, nikamwomba asipige, akanifanyia "sss" kama mtoto. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Mikono yake ni migumu, lakini kati ya vidole alipita taratibu, mmoja mmoja. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniosha tangu mama aliponiogesha. Kisha akainua uso.

"Una neno nami?"

Kila kitu kilikuwa tayari. Miguu yangu ilikuwa ndani ya beseni, siwezi kukimbia. Alikuwa akinitazama kwa macho ambayo hayakutarajia kitu kibaya. Nikasema:

"Sina."

Akanikausha. Tukabadilishana. Nikamwosha, nikamuuliza, akasema, "Ninalo. Unakula kidogo mno." Watu wa karibu wakacheka.

Baada ya hapo Fundi Saa alisimama. Alisema Bibi anaondoka Jumamosi, na kwamba mtunza funguo wa zamani ana haki ya kumtaja anayemfuata. Bibi akasema, "Namtaja mjukuu wangu huyu. Ni karani, anajua kutunza. Na kitabu kipya kikinunuliwa, awe wa kwanza kuandika."

"Kuna mwenye neno?"

Kimya.

"Kuna mwenye neno?"

Kimya. Niliona watu wananitazama kwa furaha. Niliona ufunguo mkononi mwa Fundi Saa. Niliona kwamba ninaweza kuuchukua, na hakuna mtu duniani atakayejua.

"Kuna mwenye neno?"

"Ninalo mimi."

Sauti haikufanana na yangu. Nilisimama, miguu bado mitupu. Nikasema kwamba Alhamisi ile, saa ya chakula, nilichukua ufunguo bila ruhusa. Kwamba nilikitoa kitabu kukianika. Kwamba dirisha ni mimi. Kwamba Bibi alilifunga, makomeo yote mawili, na mimi ndiye niliyelifungua tena. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza, na nilikuwepo siku alipopumzishwa.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko vyote. Bibi akanyanyuka, akaja, akanishika uso kwa mikono miwili iliyokuwa bado na harufu ya sabuni.

"Mwanangu," alisema, "una moyo wa ajabu. Lakini usinibebee."

"Sikubebei, Bibi. Ni mimi."

"Dakika ishirini zilizopita nimekuuliza kama una neno nami. Ulisema nini?"

Nilitazama beseni.

"Ulisema huna. Hapo mtu hasemi uongo." Akawageukia wengine. "Mnamwona? Anataka nisiondoke na aibu."

Mke wa Fundi Saa alianza kulia. Fundi Saa alivua miwani. Mzee mmoja akasema, "Mungu atukuzwe kwa upendo huu." Nilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kunipenda. Mwishowe Fundi Saa akasema kwa kuwa kuna mwenye neno, jambo lisimame, ufunguo ubaki kwake.

Muuguzi peke yake hakulia. Alinifuata nyumbani mpaka chumbani kwangu.

"Thibitisha," alisema.

Nikatoa rula. Aliigeuza, akasoma namba ya masijala, akatazama ile buluu. Alikaa kitandani.

"Nakuamini," alisema. Nilidhani nitapata nafuu. "Wiki saba. Ungesema siku ile ile angekutukana, ungelia, angekupikia, ingeisha. Unajua nimemfanya nini mama yangu kwa hizi wiki saba? Nimemhesabia vidonge. Nimemuuliza leo ni siku gani, mbele ya watu. Naye akanijibu, kama mtoto wa shule, akiogopa kukosea."

"Twende tumwonyeshe."

Tulimpelekea jikoni. Bibi aliishika rula mbali na macho, akaichunguza, kisha akaniangalia kwa huruma iliyonikata.

"Wino ni wino tu," alisema. "Umeichovya, mjukuu wangu, ili nilale vizuri. Asante. Nakumbuka nilikitoa. Sasa namkumbuka hata aliyeniita."

Muuguzi alisema, "Mama, sikiliza." Alimweleza kwa subira, mara mbili. Mara ya pili Bibi alinirudishia rula, akauliza, "Kwa hiyo hata hilo nalolikumbuka si kweli?" Muuguzi akaninyang'anya rula, akaitia mfukoni, akasema, "Ni kweli, Mama. Basi. Ni kweli."

Jumatano, 28 Mei

Muuguzi anataka kumpeleka mama yake hata hivyo. Anasema sasa anahitaji kuwa na mtu, sababu si muhimu tena. Hajanifokea. Ananisalimu, anajibu ninachouliza, hasemi zaidi.

Ijumaa, 30 Mei

Nimemwambia mama kwenye simu, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikulea uogope. Nilidhani ndiyo adabu."

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Barabara imekauka, vumbi la kwanza limeanza kuinuka.

Mizigo ilikuwa michache: mabegi mawili, sufuria aliyokataa kuiacha, na bahasha yenye ule ukurasa wenye doa la buluu, ambao Fundi Saa aliukata kwa wembe wake wa kazi akampa. Paka alijificha. Bibi alikwishaingia garini aliposema, "Ngojeni," akateremka, akaingia jikoni. Nilimsikia akivuta dirisha. Akatoka. Akafika mlangoni mwa gari, akasimama, akarudi tena.

Mara ya pili aliporudi aliniita.

"Mjukuu wangu. Dirisha la jikoni. Nimelifunga?"

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu.

"Umelifunga, Bibi."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Nimekuona."

Alinitazama, akatabasamu, akanigonga shavuni kwa kiganja.

"Wewe," alisema, "huwezi kunisema vibaya hata ukilazimishwa."

Muuguzi alimfungia mlango wa gari. Waliondoka. Nilibaki mpaka vumbi likatua, kisha nikaingia jikoni nikaangalia. Lilikuwa limefungwa, komeo la juu na komeo la chini.